Udongo wa Magurudumu ya Limi

Jumapili, 16 Februari

Eunice amenipigia simu kutoka Shinyanga akaniambia, "Mama, kabla hujamfokea mtu, andika kwanza." Eti nitapunguza maadui. Basi naandika, maana leo nilikuwa na kanisa zima la kufokea.

Limi alikuja kuabudu kwetu kwa mara ya kwanza. Huyu ni yule wakala wa pesa za simu aliyehamia hapa Nyarugusu kabla ya Krismasi, mwenye kibanda pembeni ya duka la Nazir. Miguu yake haikupata nguvu tangu utotoni, anatembelea kiti cha magurudumu. Alifika mapema kuliko nusu ya wazee wa kanisa, akakomea kwenye ngazi. Watu wakampita. "Bwana asifiwe, dada!" "Karibu sana, dada!" Wakapanda zao. Alikaribishwa na kila mtu na hakuna aliyemwingiza ndani. Mvua ikaanza, naye akajibanza chini ya ukingo wa bati karibu na dirisha, akawa anaimba pambio kutokea nje.

Nilitoka katikati ya maombi nikapiga kelele. Wakaja wanaume wawili, mmoja akamkamata makwapani, mwingine miguuni, wakampandisha huku sketi imempanda juu ya magoti mbele ya kwaya nzima. Limi alikuwa anaivuta kwa mkono mmoja na kutabasamu. Baada ya ibada akaniambia, "Mama Eunice, nimeingia kama kiroba cha mawe." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikamwendea Mchungaji Magesa kumuuliza lini tutajenga mteremko pembeni ya ngazi. Akasema hiyo ni awamu ya tatu ya ujenzi, kwanza tunaweka vigae. Yaani wenye miguu wanatafutiwa vigae vya kukanyagia!

Jumanne, 18 Februari

Mvua. Kuni mbichi. Wachimbaji wa dhahabu wanaokula bandani kwangu wamekunywa chai vuguvugu wakanung'unika, nami nikanung'unika kuliko wao.

Jumapili, 23 Februari

Leo Limi amebebwa na Stanslaus. Huyu kijana ni wa duarani, kwenye shimo la dhahabu, anakula kwangu asubuhi na jioni, na ni mtani wangu mkubwa. Husema ugali wangu ukimwangukia mtu mguuni lazima apelekwe hospitali. Hakumvamia Limi kama wale wa wiki iliyopita. Aliinama akamuuliza, "Dada, nikushikeje?" Limi akamwelekeza, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, sketi ibanwe. Kisha akarudi kuchukua kiti. Nikajisemea, huyu alilelewa.

Jumatano, 26 Februari

Duara la kina Stanslaus limetema! Tangu Mwaka Mpya walikuwa wanapandisha mawe matupu kutoka shimoni, leo yamesagwa karashani na dhahabu imeonekana kwa macho. Vijana wamechinja mbuzi hapa hapa bandani kwangu. Nimepika mpaka mikono imekufa ganzi.

Jumapili, 2 Machi

Vijana wamegombania kumbeba Limi. Namaanisha kugombania hasa, mmoja amechaniwa shati. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia, nikamwambia Mungu asante. Nimehubiri habari ya mteremko mpaka sauti imekauka, kumbe mbegu ilikuwa inaota chini kwa chini.

Jumamosi, 8 Machi

Siamini ninachokiandika. Mteremko umejengwa. Wamekuja vijana wa maduara matatu na koleo zao, bila kuitwa, bila mchango, bila kikao. Nazir ametoa saruji akisema yeye ni Mwislamu, lakini Limi ni jirani yake na jirani ana haki. Hadi jioni kazi imekwisha, upana wa kutosha, na ukuta mdogo pembeni ili magurudumu yasitoke. Mchungaji Magesa akaniambia mbele ya watu, "Mama Eunice, sauti yako imesikika." Nimelia kwa furaha nikajifuta kwa aproni yenye kitunguu, nikalia tena.

Jumapili, 9 Machi

Kanisa limejaa hadi watu wamekaa kwenye ndoo. Vijana wa machimboni ambao Jumapili zao huwa za kilabuni, leo wamenyoa, wamevaa mashati ya kola. Limi alipanda mteremko mwenyewe kwa mikono yake, watu wamejipanga pande zote mbili wanampa mkono. Kila mmoja. Mchungaji akahubiri juu ya wale wanaume wanne walioshusha mwenzao aliyepooza kupitia darini, akasema sisi hatukulazimika kubomoa paa la mtu. Kanisa likapiga vigelegele.

Nimempigia Eunice nikamwambia, mwanangu, nimeona kanisa la kweli kabla sijafa.

Alhamisi, 13 Machi

Foleni kwa Limi inafika barabarani. Wakala wa ng'ambo ya barabara amefunga kibanda na kwenda kulala. Mvua haijakata tangu jana.

Jumapili, 16 Machi

Leo ningependa kuanza na kufoka. Lakini Eunice amesema niandike kabla sijafoka.

Baada ya ibada nilifika nyumbani nikakumbuka nimeacha mwavuli. Nikarudi. Watu walikuwa wameshatawanyika. Chini ya mteremko, pale saruji inapoishia na tope linapoanza, nikamkuta Scolastika, mweka hazina wetu wa akina mama, amepiga magoti na kitenge chake kizuri. Nikadhani ameangusha hereni. Nikainama nami nimsaidie kutafuta! Nimetafuta hereni ya watu kwa bidii, huku nikimpa pole, mpaka nilipouona mkono wake. Alikuwa na leso. Anachota udongo kwenye alama ya gurudumu la Limi, pole pole, asiiharibu, anaufunga kwenye leso.

"Unafanya nini, Scolastika?"

"Punguza sauti basi."

"Nimekuuliza unafanya nini!"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyefumaniwa. "Kwani wewe hujui? Mama lishe mzima wa machimboni, hujui?"

Akanieleza. Stanslaus alimbeba Limi Jumapili, Jumatano duara likatema. Wiki iliyofuata aliyembeba alikuwa Mageni wa duara la juu, nao wakapata. Habari ikasambaa shimo kwa shimo kwamba yule dada wa kiti ana nyota. Ukimshika mkono Jumapili, wiki yako inafunguka. Na ukichota udongo aliopitia ukaunyunyiza mdomoni mwa duara, ni bora zaidi. Mume wa Scolastika ana duara lake, basi.

"Yeye hana nyayo," akasema, "ndiyo maana tunachukua za magurudumu."

Kila mtu wa huku anajua kwamba anayechota nyayo za mwenzake hazipeleki kwa mchungaji. Nimekua nikijua hivyo. Sikuwahi kudhani nitayaona haya kwenye uwanja wa kanisa, mchana, na aliyepiga magoti ni mwanamke ninayekaa naye benchi moja.

Nikamuuliza, "Na mteremko? Mteremko nao?"

"Alipokuwa anabebwa, walikuwa wanamgusa wawili watatu tu. Sasa anapita taratibu, kila mtu anapata. Ni haki."

Nilikaa chini kwenye tope na gauni langu la Jumapili. Scolastika akamaliza kufunga leso yake, akanipa mwavuli wangu, akaenda.

Jumatatu, 17 Machi

Sikulala. Asubuhi Stanslaus alipokuja kunywa chai nilimnyima maandazi mpaka anijibu. Akakubali bila aibu.

"Mama, ni kusalimia tu. Kwani kumpa mtu mkono ni dhambi? Yeye kafaidika, ana mteremko. Sisi tumefaidika. Nani kaumia?"

"Ulimuuliza yeye?"

"Nimuulize nini?"

Nikampa andazi kwa hasira. Ni yule yule aliyemuuliza "nikushikeje" mwezi uliopita. Jana nilimwona kwa macho yangu. Alimshika Limi mkono akiwa anazungumza na mwenzake, wala hakugeuza shingo.

Jioni nikaenda kwa Mchungaji. Nilidhani atashtuka kama mimi. Nilijiandaa hata kumtuliza. Akanikaribisha kiti, akaagiza soda, akasema, "Nilisikia, Mama Eunice."

Alisikia! Alihubiri vile akiwa ameshasikia!

"Fikiria," akasema, "vijana hawa nimewaita miaka. Hawakuja. Sasa wanajaza viti. Wakishaingia, kwa mlango wowote, Neno litawakuta humo humo."

"Na Limi, Neno litamkuta wapi? Chini ya mikono yao?"

Akanywa soda. Akasema mimi ni mama mwenye mzigo, ila nimekuwa mwepesi wa kukasirika. Hilo ni kweli, na halikuwa jibu.

Jumatano, 19 Machi

Nilichelewa kumwambia Limi kwa sababu niliogopa nitamvunja moyo. Leo nimemfungia kibanda mchana, nikamwekea sahani ya wali na dagaa, nikaanza kwa kuzunguka. Akaniacha nizunguke. Kisha akasema, "Udongo? Nilijua tangu mteremko haujajengwa."

Nimeshtuka mara ngapi wiki hii? Nilisahau kufunga mdomo.

"Mtu anayekusalimia anakuangalia usoni," akasema. "Hawa wanaangalia mkono."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungefoka." Akatoa mwiba wa dagaa. "Ungefoka, wangeacha kuja, nami ningerudi pale dirishani. Mama Eunice, nilipokuwa mdogo watoto wa jirani walikatazwa kunigusa, eti watapata miguu kama yangu. Leo watu wazima wananigombania. Nikasema ngoja nikae humo, huenda mmoja wao siku moja ataniuliza habari."

Nikamuuliza anataka nini basi. Nilidhani atasema kwaya, maana ana sauti. Akasema anataka kuwa mhudumu wa mlangoni. Avae ile skafu ya bluu, akae pale mwanzo wa mlango, yeye ndiye amwambie mtu karibu.

"Nimekaribishwa sana maishani," akasema. "Nimechoka. Nataka kukaribisha."

Alishamwomba Mchungaji mwezi huu. Mchungaji alimjibu kwamba kwanza waombe apone, ndipo ahudumu. Limi alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akimalizia wali. Ncha ya mtandio wake ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Hata hakujua ni nani.

Jumapili, 23 Machi

Wakati wa matangazo nilisimama bila kupewa nafasi. Nikasema yote, udongo, mikono, mtandio. Nikawaambia anayetafuta nyota na aitazame ile ya Bethlehemu. Nilitegemea kimya cha toba. Wakacheka! Mtu wa nyuma akasema, "Mama Eunice anataka nyota peke yake, si ndiye anayempikia?" Mchungaji akaanzisha pambio, na pambio likanimeza nikiwa bado nimesimama.

Walipotoka walimpa Limi mkono kama kawaida, mimi wakanipita.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua mchana na usiku. Choo cha jirani kimetitia. Wenye maduara wanaambiwa wapumzishe watu, wanasema mvua haijawahi kumaliza dhahabu.

Jumanne, 1 Aprili

Stanslaus amekufa.

Nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia kelele, si za ugomvi, ugomvi naujua. Nikakimbia na kitambaa mkononi. Duara lao lilikuwa limejifunga, mdomo umekuwa bonde la tope na magogo ya kuzuilia yamesimama ovyo. Wenzake wanne walikuwa wametoka kitambo kidogo kula. Yeye alibaki chini kujaza kiroba cha mwisho. Watu walichimba kwa koleo, kwa sahani, kwa mikono. Mvua ikawa inarudisha walichotoa. Mageni alikuwa analia huku anachimba na kumtukana Stanslaus kwa nini hakutoka.

Walimpata jioni. Nilimfuta uso mimi. Nimempikia mtoto huyu mwaka mzima na sikuwahi kuona kwamba ana kovu dogo chini ya kidevu.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama yake amefika kutoka upande wa Ushirombo kwa pikipiki, ameloa mpaka mifupa. Daraja limekatika baada ya yeye kupita, mwili hauwezi kusafirishwa, kwa hiyo tumemzika hapa. Mama Stanslaus hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka wangu akinyoosha kitambaa cha mezani kwa kiganja, anakikunja, anakinyoosha tena. Anafikia kwangu.

Limi alikuja makaburini. Vijana wale wale waliogombania kumbeba walisimama mbali naye. Kiti kikazama kwenye tope na hakuna aliyekisukuma isipokuwa mimi na Nazir.

Wakati wa kutawanyika nikasikia Scolastika akisema, wala si kwa kunong'ona, "Nyota ya namna hii huwa inalipwa. Amemla."

Jumapili, 6 Aprili

Limi alipoingia kanisani, benchi la kwanza likahama. Kisha la pili. Walikusanya tu Biblia na watoto wao. Akabaki katikati ya nafasi tupu, kubwa ya kutosha kuchezea rede. Nilikwenda nikakaa naye. Tulikuwa wawili tu pale, na Mchungaji alihubiri akiangalia saa ya ukutani.

Mama Stanslaus hakuja, alikuwa na homa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeona jambo ambalo sikujua kwamba binadamu anaweza kulifanya kwa mtu anayemwita dada.

Asubuhi Nazir alinitumia mtu niende haraka. Mbele ya kibanda cha Limi palikuwa na lundo la udongo. Leso zilizofungwa, mifuko ya nailoni, kopo la maziwa ya unga, soksi ya mtoto. Udongo waliouchota wameurudisha. Wamekuja mmoja mmoja alfajiri, kila mtu akatupa wa kwake mlangoni ili mkosi urudi kwa mwenyewe. Nilitambua leso ya Scolastika. Nilitambua pia za watu ambao ningeapa mahakamani kwamba hawahusiki. Mmoja ni mzee wa kanisa aliyenisomea zaburi nilipofiwa na mume.

Limi alikuwa amekaa anaangalia. "Sikujua walikuwa wengi hivi," akasema.

Kulikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: PASAKA ISIKUKUTE HAPA.

Nazir alichukua koleo, akausomba wote kwenye toroli na kwenda kuumwaga mtaroni. Alipomaliza akamwambia Limi, "Dada, fungua kazi. Nataka kutuma pesa." Akampa mkono mbele ya barabara nzima, akamuuliza ameamkaje. Mkewe Naznin akaleta chai.

Jumatano, 9 Aprili

Mchungaji Magesa amekuja bandani kwangu, si kawaida yake. Amekonda. Akaniomba nimshauri Limi apumzike nyumbani kidogo, mpaka watu watulie, kwa usalama wake.

Hili ndilo fokeo ambalo hata Eunice asingelizuia. Nilimwambia, "Mchungaji, walipokuwa wanamchota udongo ulisema mlango wowote ni mlango. Leo wanamfukuza, unataka yeye ndiye afunge?"

Akajifunika uso. Nilidhani anajizuia kukasirika, kumbe analia. Akasema naye anaogopa. Kwao, akiwa mtoto, bibi mmoja alichomewa nyumba kwa maneno ya namna hii, na baba yake Mchungaji alikuwa mzee wa kanisa, na alikaa ndani siku hiyo. Sikujua nifanye nini na mchungaji anayelia kwenye banda la ugali. Nikampa chai.

Tukaenda wote kwa Limi. Alitusikiliza, kisha akasema, "Jumapili nitakaa mlangoni. Nataka skafu."

"Hawatapita," Mchungaji akasema. "Wewe huwajui."

"Basi watabaki nje. Mimi nimeshakaa nje, hakuui."

 Mwishowe Mchungaji akasema mlango si wake, ni wa Bwana.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefua skafu ya bluu. Nimeianika ndani kwa sababu ya mvua. Mama Stanslaus ameniuliza ni ya nani, nikamwambia ukweli, na yale watu wanayosema juu ya Limi na mwanawe nikamwambia pia, maana angeyasikia kisimani vibaya zaidi.  Alinyoosha kitambaa chake.

Sijui nimefanya vizuri au nimemwasha moto Limi kwa mkono wangu.

Jumapili, 13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Tulifika mapema, mimi na Limi. Nikamfunga skafu. Akakaa mwanzo wa mlango, mimi nikasimama nyuma ya kiti chake kama askari, nikiwa tayari kwa vita. Nilikuwa nimeshaandaa la kumwambia kila mtu.

Wakaja na matawi ya mitende na ya michikichi. Wakamwona. Wakasimama uwanjani. Wengine wakaja, nao wakasimama. Manyunyu yakaanza, wakafunika vichwa kwa matawi yale yale, na hakuna aliyesogea. Mbele yao kabisa alikuwa Scolastika na mumewe. Mchungaji alikuwa ndani madhabahuni, yeye na mpiga kinanda tu, wimbo ukipigiwa mabenchi matupu. Limi alinyoosha mkono. Akauacha hivyo hivyo, umenyooshwa. Ulichoka, hakuushusha.

Ndipo Mama Stanslaus akatokea nyuma yao. Nilikuwa nimemwacha kitandani. Watu wakampisha upesi, na nikaona nyuso zao zikifunguka. Walikuwa wanamsubiri huyu. Mama wa marehemu ndiye mwenye haki ya kusema, na akisema, Limi hatalala Nyarugusu leo. Nikashika mgongo wa kiti cha Limi kwa mikono miwili.

Akaja mpaka mbele ya Limi. Akautazama ule mkono.

"Shikamoo, mayu," Limi akasema, akimwita mama kwa kilugha.

"Marahaba." Akasimama kidogo. "Mwanangu alikuwa anakushika mkono huu?"

"Ndiyo, mayu. Kila Jumapili."

"Alikuwa anakuambia nini?"

Limi akamtazama usoni.

"Mara ya kwanza aliniuliza anishikeje," Limi akasema. "Baadaye hakuniambia kitu. Alikuwa anashika tu, anaondoka."

Mama Stanslaus akafumba macho. Nilidhani sasa litatoka. Akasema, "Mimi nilimfundisha kusalimia." Kisha akaweka tawi lake chini, akaushika mkono wa Limi kwa mikono yake miwili, akamsalimia upya, kwa Kisukuma, salamu ya nyumbani ya kuanzia mwanzo, ya umeamkaje na habari za uzima.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?"

"Mhola."

"Bhebhe ng'wana nani?"

Kwetu salamu haijaisha mpaka umuulize mtu ni mtoto wa nani. Hata muuza karanga wa njiani tunamuuliza. Nilikuwa nyuma ya kiti nikangoja jibu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba silijui. Nilipigania mteremko, nilipigania udongo, nilimfunga skafu shingoni. Silijui.

"Ng'wana Lubinza," Limi akasema.

"Lubinza wa Runzewe? Aliyekuwa na ng'ombe wengi wekundu?"

"Ndiye."

"Hajambo?"

"Alifariki, mayu. Mwezi wa kumi na mbili. Ndiyo sababu nikahamia huku."

"Aah! Pole, mwanangu. Pole sana. Na wewe una msiba."

Akampa pole, yeye ambaye kaburi la mwanawe halijakauka. Limi alianza kulia hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akamwambia naye pole, na wakashikana hivyo huku manyunyu yakiwaingia. Miezi yote hii alikula wali na dagaa wangu akiwa amefiwa, na sikumpa pole hata moja.

"Karibu ndani, mayu," Limi akasema. Mama Stanslaus akaokota tawi lake, akaingia.

Uwanja mzima ulikuwa unamtazama Scolastika, maana ndiye aliyefuata. Alipiga hatua moja, akasimama, akafuta viganja kwenye kitenge. Limi alikuwa ameshanyoosha mkono tena.

Niliachia kile kiti. Nikapita pembeni, nikashuka nje kwenye mvua, nikasimama kwenye foleni nyuma ya Scolastika.